Mlango wa Mwenye Dema

Nakumbuka alasiri moja ya Mambrui, mwanangu, jua limetanda uani kama samli iliyoyeyuka, na mimi mtoto mdogo wa chuo cha Kurani nimejilaza kwenye kivuli cha dema. Dema, kama hujaliona, ni mtego wa samaki unaosukwa kwa fito nyembamba, mkubwa hata mtoto aweza kulala ndani yake. Mjomba wangu Athumani aliyasuka pale pale kwetu. Jua likipenya matunduni, ua wote hujaa nyota, nami hulala katikati ya nyota zile mpaka nisijue kama niko macho. Hata leo hapa mtaani kwetu Barani, nikifumba macho, naziona.

Siku hiyo mjomba alikwenda kuswali, akaacha dema kuukuu lina kichwa cha samaki ndani. Tulikuwa na kipaka, jina lake Sukari. Jina nilimpa mimi, maana sukari nyumbani ilikuwa ya shida na nilitaka nipate kuitaja kila siku. Basi Sukari akaingia. Kuingia hakuna taabu: mlango wa dema nje ni mpana, ukienda ndani unajibana, na fito zake zimelala kuelekea ndani kama nywele zilizochanwa. Akala. Wallahi alikula, akalamba na masharubu. Alipotaka kutoka, ncha za fito zikamchoma usoni. Nikatia mkono nimtoe. Ukaingia hadi kwapani, na kurudi ukakataa. Tukalia sote wawili.

Mjomba aliporudi alitutazama, akashika kiuno.

"Leo nimevua wawili! Huyu wa nje nitamuuza kwa nani, na kelele zote hizi?"

"Mjomba, paka alitaka kula tu!"

"Na amekula. Chambo changu si cha uongo, mwana wee. Mie sijamdanganya mtu kwenye chakula."

Akaukunja mkono wangu vidole, akautoa taratibu. Kisha akaligeuza dema, akafungua kamba ubavuni, mahali ambapo sikupaona siku zote nilizolala pale. Paka akaruka, mbio hadi jikoni.

"Huu ndio mlango wa mwenye dema," akasema, na sasa hacheki. "Samaki hana wake. Lakini wewe una ulimi. Siku nyingine, kabla hujatia mkono, uliza pa kutokea."

Wasema bibi huyu anatupeleka wapi. Nakuja, mwanangu, miguu yangu ni mizito na maneno yangu ni hivyo hivyo. Nataka kukueleza habari ya mjukuu wangu Swaleh, fundi wa tuktuk. Mwaka jana alikuwa amemposa Rukia wa Muyeye, posa imekubaliwa, mahari ameyaweka kwenye simu. Akanijia mchana mmoja wa joto, mimi nasinzia na upepo wa feni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Niombee dua, bibi. Nina pesa nataka kuiweka mahali izae."

Akanionyesha. Rafiki alimtumia kiungo cha kamari ya mtandaoni. Taa zilizunguka kwenye kioo, nyekundu na dhahabu, zikanirushia nyota mkononi, na kwa kitambo nikasahau niko wapi. Nikasikia harufu ya fito mbichi.

"Nikuombee dua ya kamari?" nikamwambia. "Malaika wataniuliza kama akili zangu ni timamu!"

"Hii si kama zile za zamani, bibi. Tazama, nishakula mara tatu!"

Sisi hapa mtu akishinda kamari twasema amekula, akishindwa twasema ameliwa. Neno lile likanigusa. Nikamuona Sukari akilamba masharubu.

"Vyema. Hicho ulichokula kitoe, kiingie kwenye simu yako, nikione."

Akabonyeza. Akasoma. Akabonyeza tena.

"Wasema niongeze pesa kwanza, ndipo wanifungulie."

"Uongeze ipi?"

Akaangalia juu. Feni inazunguka.

"Ya mahari," akasema.

"Swaleh, mkono umefika wapi? Kiwiko ama kwapa?"

Kisa cha paka amekisikia tangu hajaota meno. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeamka ghafla, akaiweka simu chini. Zile alizokula zilibaki kule kule, na mpaka leo hazijatoka.

Sasa nasaha yangu. Mimi dini yangu hainiruhusu, na nikiulizwa nitakwambia usicheze kabisa. Lakini najua vijana, wengine mtacheza hata bibi akisema. Basi ukiwa mgeni wa mambo hayo, usiingie kwa kiungo ulichotumiwa na mtu. Tafuta mwenyewe, na wale wanaosema wana leseni, waulize wanaotoa leseni serikalini, si wao wenyewe. Ukiahidiwa zawadi ya kuingilia, soma masharti yake yote; mimi nisiyejua kusoma vizuri ningemwita mtu anisomee. Namba yako ya siri usimpe yeyote, hata akijiita mhudumu. Tia kitu kidogo usichokililia, kisha hapo hapo jaribu kukitoa. Wakikwambia uongeze ndipo utoe, kimbia, hata ulichotia kiache. Na wale wazuri huwa na mahali pa kujiwekea mpaka, hata pa kujifungia usicheze tena. Papate mapema, kabla hujapahitaji.

Ila usidanganyike. Hata nyumba ya kamari yenye leseni ni dema. Tofauti ni kwamba wewe nawe umeachiwa mlango. Mwenye dema halisuki ili wewe ushibe. Na pesa yenye jina usiitie kabisa. Ada ina jina, dawa ina jina, kodi ina jina. Ile ya Swaleh iliitwa Rukia.

Huyo namsikia jikoni sasa hivi, anakaanga mahamri, anamgombeza mume wake kwa kuyadokoa ya moto. Harufu ya iliki imefika hadi hapa.

Nenda, mwanangu. Mola akupe riziki isiyokuchoma mkono, na kila utakapoingia, akuoneshe pa kutokea.