Shilingi Juu ya Sindano

Nimechoka, rafiki yangu, wala sikufichi. Magoti yameanza kunisema, joto la mji huu halina adabu, na tangu nistaafu watu wanadhani kustaafu maana yake ni kukaa nyumbani ukisubiri kutumwa. Kwa hiyo binti wa mdogo wangu wa kiume alipobisha hodi hapa kwangu Ilala, Jumamosi moja mchana, amekumbatia kisanduku kama kibegi cha shule, niliitikia shikamoo yake nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi. Sikuinuka.

"Shangazi, tunaenda Kariakoo. Nataka unisaidie kuchagua spika. Kubwa! Hii sauti yake utadhani iko ndani ya kopo."

Akakifungua kisanduku. Kumbe ni mashine ya santuri, zile za bei poa ambazo vijana wanaziagiza kwenye simu, na vijispika viwili vimefichwa ubavuni. Nilifurahi kidogo, maana sikutegemea kuona tena sindano ikikimbia juu ya santuri maishani mwangu. Halafu nikaona. Pale kwenye mkono wa mashine, juu kabisa ya sindano, mtoto kabandika sarafu ya shilingi mia kwa plasta ya kidonda.

"Nani kakufundisha haya?"

"Baba. Anasema kwenu mlikuwa mnafanya hivyo ili isirukeruke."

Lo! Hapo nikakaa kitako. Alisema kweli, kwetu tulifanya hivyohivyo.

Kwetu kulikuwa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi mrefu katikati unakutoa uwani. Mwenye nyumba alikuwa bibi, mama yake mama. Sisi tulikaa vyumba viwili, na chumba cha mbele kilikuwa cha jirani yetu wa Kilimanjaro na mkewe, waliouza vitunguu kwa jumla. Basi nyumba nzima ilinuka vitunguu. Nguo za shule zilinuka vitunguu, na hata maandazi ya bibi, yaliyojaa iliki, yalikuwa na kivitunguu kwa mbali. Asubuhi tuliamshwa na mikokoteni ikigonga mawe na wasukumaji wakipiga kelele, "Pisha! Pisha!" Mtu akipita barabarani bila kusalimia, bibi alimwita kwa jina arudi asalimie.

Chumba cha mbele cha upande wa pili, kinachotazama barabara, kilikuwa cha mjomba, kaka yake mama. Huyu alikuwa fundi wa redio. Mezani kwake kulikuwa na kila kitu isipokuwa nafasi. Kazi yangu nikitoka shule, baada ya kuosha vyombo na kupepeta mchele, ilikuwa kumfutia santuri zake kwa kanga kuukuu, safi, iliyolowekwa na kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Nilizifuta kwa kufuata mduara, maana ukikata katikati alikuwa akikupiga konzi. Siku moja aliuchukua mtungi wa maji wa bibi, akamwaga maji, akatumbukiza spika ndani ili besi itoke vizuri. Ilitoka, jamani! Mtaa mzima ulikuja kusikiliza mtungi ukiimba. Bibi aliporudi kutoka msibani akakuta hana maji ya kunywa, na siku tatu hakumpa mjomba chakula.

Mjomba alikuwa na msemo wake: muziki unaanzia kwenye sindano, spika ni mdomo tu. Aliusema kwa wateja mpaka wakauchoka.

Na mama alikuwa mwimbaji. Si wa kutajwa sana. Kulikuwa na kikundi cha akina mama mtaani kwetu, wenye sare zao na fitina zao, na mara moja tu walirekodiwa, ikatoka santuri yao. Katika wimbo huo wote wanaitikia, lakini beti moja ya katikati ni ya mama peke yake. Palipokuwa na shughuli, harusi au mtoto kutolewa nje, mashine ya mjomba ilitolewa uwani na santuri ya mama ilikuwa lazima. Wenyewe wakicheza kwa kishindo, meza inatikisika, sindano inaruka. Ndipo mjomba alipotoa sarafu mfukoni na kuiweka juu ya mkono wa mashine. Alijua ni vibaya, uzito ule unaila santuri. Alisema siku ya shughuli fundi hana kauli. Na beti ya mama ikiisha, wanawake walipiga kelele, "Rudia! Rudia pale!" Akarudia palepale, na sarafu juu.

Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Baada ya hapo bibi hakutaka tena kuusikia wimbo ule ndani ya nyumba yake. Santuri ikafungwa ndani ya foronya, ikahama na mdogo wangu kutoka sanduku hadi sanduku, mpaka mwaka huu alipoona binti yake ana mashine, akampa.

Ndiyo maana nilipoiona ile plasta nilimuuliza haraka, "Unapiga santuri gani humu?"

"Ya bibi. Kila nikitoka kazini. Sijawahi kumsikia bibi yangu, Shangazi, ndiyo hii tu ninayo."

Ndiyo hiyo tu tuliyonayo sote. Hakuna nakala nyingine, hakuna kanda. Nilimuuliza kama amerekodi kwenye simu, akasema alijaribu mwezi uliopita zikatoka kelele tupu, ndiyo maana anataka spika kubwa. Sauti yote ya mama yangu imo ndani ya mifereji ya ile santuri, na mtoto huyu miezi kadhaa anailima kwa sindano nzito yenye sarafu juu, akidhani tatizo ni spika.

"Usiipige tena," nikamwambia. "Hata mara moja. Kwanza tutafute mashine."

"Kwani nimeiharibu?"

Nikavaa viatu.

Kariakoo ya sasa inanichosha hata kabla sijafika. Tulipita mahali ilipokuwa nyumba yetu. Ni ghorofa, chini wanauza mabegi na makava ya simu, juu sijui wanauza nini. Nilitafuta uwani kwetu kungekuwa upande gani nikashindwa. Binti alinishika mkono kama mtu anayemvusha kipofu, nami nilikuwa nimechoka mno kumkemea.

Akasimama kwenye duka moja la muziki karibu na Msimbazi, macho kwenye spika ndefu kuliko yeye zinazowaka taa za rangi. Mwenye duka, mzee wa Kiarabu mwenye kofia ya kufuma, alimchangamkia.

"Hizi ukiziwasha binti yangu, majirani wanahama wenyewe."

Binti akacheka, akanitazama. Nikajisikia nasema maneno ya mjomba, neno kwa neno, na kidole nimenyanyua kama yeye. Mwenye duka hakukasirika. "Huyu shangazi yako anajua," akasema. "Nenda juu kwa fundi. Lakini ukishapata sindano, rudi kwangu ununue mdomo."

Fundi alikuwa ghorofa ya pili, na ngazi zile nilizipanda kwa kisirani. Alikuwa na mashine ya zamani, nzito, ya kuhitaji watu wawili kuibeba, na nyuma ya mkono wake kuna kijiuzito cha kuzungusha. Akamwonyesha binti: unakizungusha taratibu mpaka mkono uelee, usipande wala usishuke. Halafu unaongeza kidogo tu, sindano iguse santuri bila kuikandamiza. Binti akajaribu. Ukaanguka. Akajaribu tena, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, na safari hii mkono ukaelea. Alipiga yowe la furaha hadi fundi akatingisha kichwa. Tuliinunua mashine ile, tukachukua na sindano mpya na amplifaya aliyoifufua mwenyewe. Spika sikumruhusu anunue. Nilikuwa nazo mbili chini ya kitanda, za marehemu mume wangu, nimezifunika kitenge muda mrefu hata panya wamezisahau.

Kesho yake Jumapili, baada ya chakula, tukaunganisha nyaya. Nilimwonyesha namna ya kufuta kwa kufuata mduara, kwa kanga. Konzi sikumpiga. Akaishusha sindano.

Sijui nikuelezeje. Fidla iliingia sebuleni kwangu. Nikasikia kiti kinalia, mama mmoja anakohoa, waitikiaji wanaitika, na nikamtambua kila mmoja: yule ni mama muuza vitumbua, yule ni mwalimu wangu wa cherehani aliyekuwa na sauti ya puani. Binti akanishika goti kwa nguvu. Ikaja zamu ya mama. Tukamsikia akivuta pumzi, pumzi kamili, karibu kama mtu aliyekaa na sisi. Kisha mkwaruzo. Mkwaruzo mrefu kama kikaango kinasuguliwa, na ndani yake hakuna mtu. Mpaka beti ilipoisha na wenzake wakaitika, safi kabisa, kama vile hakuna kilichopotea.

Tukajaribu mara moja tu tena. Vilevile.

"Ni mimi," binti akasema. "Shangazi, nimemfuta bibi."

Nilikasirika, sitakudanganya. Nilimkasirikia mdogo wangu na ushauri wake wa sarafu, nikamkasirikia mjomba huko kaburini, nikawakasirikia wale wanawake wote na "rudia pale" yao. Halafu hasira ikanitoka kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuibeba. Nikamwambia, "Tulianza sisi kabla hujazaliwa. Pale palipoliwa ni pale tulipopapenda. Kwingine kote kuzima."

Akaanza kulia. Basi ili anyamaze nikasema nitamwimbia mwenyewe, mimi nisiyejua kuimba. Nikaanza:

"Nyumba yangu ina taa, mgeni wangu ingia..."

Nikakwama. Mstari wa pili haukuja. Niliusikia utoto wangu wote, nililala nao, nilioshea nao vyombo, nikautafuta pale kwenye kochi na nisiupate. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kumbe na kwangu ulishafutika.

Binti akafuta kamasi kwa kiganja. Akaimba, taratibu, macho chini:

"Kama umechoka kaa, maji ya moto tumia."

Alikuwa ameusikia kila jioni kabla haujaisha. Alivuta pumzi kabla ya neno "kaa", mahali ambapo hakuna mwimbaji mwenye akili wa kuvuta, ila mama, kwa sababu mama alikuwa na pumu. Mtoto huyu hana pumu. Alijifunza wimbo akajifunza na ugonjwa wake.

Nyumba haipo. Bibi, mjomba, majirani wa vitunguu, hakuna hata mmoja. Na sauti ya mama sasa haipo, hilo nalijua na halitengenezeki kwa fundi yeyote. Mama alipofariki mimi sikulia. Niliambiwa mtoto mkubwa halii mbele ya wadogo zake, nikatii, na baadaye nikadhani kilio kimepita. Jumapili ile nililia mbele ya mtoto, kwa sauti, kama sina umri, naye hakuninyamazisha. Aliendelea kuimba.