Nyenje Nyuma ya Pipa la Maji

Nilipotoka hospitali baada ya kuugua malaria, masikio yangu yalikuwa yanalia. Daktari alinieleza kuwa dripu za kwinini hufanya hivyo, na mlio ungeisha baada ya siku chache. Wiki zikapita. Mchana nilikuwa sawa, lakini jioni, tukishamaliza kula, mlio ulirudi, mwembamba, wa kukatikakatika.

"Unasikia kitu?" nilimuuliza mume wangu.

"Hapana, mama. Wewe pumzika."

Alijibu kwa upole sana, na upole ule ndio ulionitisha. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilianza kujiona nimesimama darasani, mwanafunzi anauliza swali, nami naona midomo tu.

Ndipo mdogo wangu akaja Bariadi kutoka Shishiyu kunijulia hali. Tulikuwa jikoni tunaosha vyombo, giza linaanza kuingia. Akaacha sufuria.

"Dada, mnalalaje na huyu nyenje?"

"Nyenje gani?"

"Si huyu anayepiga kelele hapa?"

Nilikaa sakafuni palepale, nikacheka hadi machozi yakanitoka. Tukasogeza pipa la maji. Nyenje akanyamaza, tukasubiri, akaanza tena. Alikuwa kwenye ufa wa ukuta, wa kahawia, ameinua mabawa anayasugua. Dume huyo; jike haimbi. Miaka yote nafundisha kwamba nyenje hulia kwa mabawa na masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, lakini sikuwahi kumshukuru hata mmoja.

Nikamwita mume wangu. Akainama, akasogeza sikio karibu kabisa na ukuta.

"Mabawa nayaona yanatetemeka," alisema. "Sauti siisikii."

Tukatazamana. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kuchambua pamba, zenye kelele za kuziba masikio.

Tulienda kumpima. Sauti nyembamba zilikuwa zimempotea, na hazirudi, lakini mazungumzo anayasikia vizuri. Wakamwambia azibe masikio kila aingiapo kiwandani, ili asizidi kupoteza. Njiani kurudi alikiri kwamba kwa muda mrefu hakuwa akiwasikia vizuri watoto wa kwaya kanisani, akaogopa kuniambia, akidhani anaelekea kuwa kiziwi kabisa.

"Sasa angalau najua," alisema. Akavuta pumzi ndefu, akaniuliza kama nyumbani kuna chochote cha kula.