Mwizi wa Mashine Yangu ya Mihogo

Nimejiaibisha Malaba mpaka siku hizi napita njia za nyuma. Nilibuni mashine ya kukata mihogo, na Atieno, dada mmoja wa chuo kule Alupe, akaitengenezea pacha mtandaoni: mashine ikizunguka karakanani, pacha wake anazunguka kwenye skrini. Akanionya nichunge nani anamfungua huyo pacha, maana mtu akimwona anaweza kuniiga kabla sijasajili uvumbuzi wangu.

Nikachunga. Kila siku orodha ya simu zilizomfungua ilionyesha simu ngeni imemfungua saa moja asubuhi, hapo hapo kwetu Adungosi, karibu na Malaba. Nikamhukumu Barasa, jirani yangu anayechomelea vyuma. Nilimnyima salamu, nikamnyima hata spana, na Ijumaa nikamfikisha mbele ya naibu chifu.

"Mzee, mimi niko na simu ya kabambe tu," Barasa akasema. "Haina hata intaneti."

Atieno, niliyemwita aje na orodha yake, akasema, "Wacha tuitumie hiyo simu ngeni ujumbe." Akabonyeza, na koti langu likalia.

Ilikuwa simu ya marehemu mke wangu. Bado naichaji na kutembea nayo. Asubuhi nikinywa chai naiegemeza kwenye kikombe chake, nimfungue pacha, na mke wangu naye aone mashine. Sikuwahi kuihesabu kama simu yangu.

Barasa akaangalia chini. Atieno akapitia orodha yote tena, kisha akaongea polepole, kama mtu anayepeleka habari za msiba.

"Mzee, tangu tuanze, hakuna mtu mwingine amemfungua huyo pacha."