Siku Mdogo Wangu Aliposema Sindano Ziruhusiwe

Mdogo wangu alikuwa baunsa Gisimenti, mtaa wa starehe hapa Kigali, kwenye baa inayotazamana na mgahawa wangu. Alipewa kazi hiyo kwa sababu ya urefu wake, na nusura aipoteze kwa sababu ya wembamba. Mwenye baa hakumzungusha. Alimwambia kwamba mlevi akimwona baunsa anapaswa kuacha ugomvi kabla hajauanza, lakini yeye wanamwona kama mwalimu wa shule. Akampa muda ajijenge.

Sisi tulizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wakiwa wakimbizi. Tuliporudi Rwanda, yeye ndiye aliyechekwa zaidi kwa Kinyarwanda chake cha kuokoteza. Nadhani alitaka mwili mkubwa ili aweze kuwanyamazisha watu bila kufungua mdomo.

Akaanza kwenda Kimisagara, mtaa wa bondeni, kwa mzee mmoja fundi wa kuchomelea ambaye kila mtu alimwita Haji. Nyuma ya karakana yake Haji alikuwa ametengeneza vyuma vya mazoezi kwa giya za malori mabovu, na vijana wa bondeni walivinyanyua asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mdogo wangu alinyanyua nao. Alikula mayai na maharage yangu mpaka nikawa naficha sufuria. Mabega yaliongezeka kidogo tu.

"Dada, mwili wangu umegoma," aliniambia.

Ndipo akakutana na kocha. Huyu alifundisha kwenye jumba la kisasa la mazoezi, lenye vioo ukuta mzima, wanakokwenda wenye magari. Alikuwa akila kwangu mchana, mtu wa maneno laini na saa ya bei mbaya. Ndiye aliyeanza kumletea mdogo wangu vichupa vya homoni, vile ambavyo mwanamichezo akikutwa navyo anafungiwa. Haji alipogundua, alimfukuza mbele ya wenzake.

"Hapa iko vyuma tu," alisema. "Mambo ya sindano, peleka kwingine."

Mdogo wangu akapeleka kwingine. Mwili ukaja kwa kasi ya kutisha. Shingo ilipotea, mashati yakapasuka kwapani, na walevi wa Gisimenti wakaanza kumsalimia kwa adabu. Mwenye baa alifurahi. Mama yetu naye alifurahi, akasema hatimaye mwanawe anakula.

Kisha vikaja vingine. Chunusi zilimjaa mgongoni kama mtu aliyemwagiwa mafuta ya moto. Usingizi ukamkimbia. Neno dogo lilimwasha. Jumapili moja mchana, nyumbani kwa mama, mama alimwomba apunguze sauti ya redio. Alilibeba kabati la vyombo, likiwa limejaa, akalitupa uani. Mama hakuguswa. Lakini alinipigia simu akiwa amejifungia chooni, akinong'ona, "Njoo umwondoe huyu mtu. Sura ni ya mwanangu, lakini simjui."

Nilipofika nilimkuta ameketi katikati ya vigae vya sahani, analia.

Kwa aibu ya siku hiyo aliacha sindano ghafla, bila kumwuliza mtu. Hapo ndipo alipozama. Hakula, hakuoga, hakuinuka kitandani. Aliponiambia kwamba angependa asiamke tena, nilimpeleka Ndera, hospitali ya magonjwa ya akili.

Kigali ukisema fulani yuko Ndera, huhitaji kuongeza neno. Watu wanacheka, au wanashusha sauti. Mwenye baa alishusha sauti, akamweka baunsa mwingine. Kule hospitali madaktari walimuuliza mdogo wangu alichokuwa anatumia. Bangi? Pombe? Dawa yoyote? Alitikisa kichwa kila mara. Aliogopa akitaja vile vichupa ataitiwa polisi. Basi wakamtibu kama mtu ambaye ugonjwa umemjia wenyewe, na siku zikapita bila nafuu. Aliponieleza mimi, tukiwa tumekaa kwenye nyasi wakati wa kutembelea wagonjwa, nilienda moja kwa moja kwa daktari. Daktari hakugomba. Alisema tu, "Laiti angesema siku ya kwanza." Wakabadilisha matibabu, akaanza kupona. Baadaye wakampima damu, wakamwambia kwa upole kwamba huenda asipate mtoto.

Alitoka amekonda kuliko alivyokuwa kabla ya vyuma.

Wakati huo chama cha watunisha misuli na wenye majumba ya mazoezi kilikuwa kimegawanyika. Upande mmoja ulitaka mashindano yafanywe bila vipimo, sindano zitumike waziwazi chini ya daktari, na chama kiiombe serikali ilegeze sheria. Upande wa pili ulitaka anayetumia afukuzwe maisha. Wote walikuwa wamesikia habari za mdogo wangu.

Wapingaji ndio waliowahi kufika. Waliongozwa na mwanasheria mmoja, mama mkakamavu aliyekulia Kampala. Alikaa mgahawani kwangu, akanishika mkono kama tuko msibani.

"Dada, mdogo wako ni ushahidi unaotembea," alisema. "Asimame tu kwenye mkutano wa kura, watu wamwone. Wasikie Ndera. Hakuna atakayepiga kura ya ndiyo."

Maneno hayo, ushahidi unaotembea, yalinichoma, lakini niliyameza kwa sababu nilitaka kile alichotaka yeye. Nilitaka vile vichupa vizikwe, na kocha azikwe navyo. Nilimshawishi mdogo wangu. Alikubali bila ubishi, na shati lake nilimpigia pasi mwenyewe.

Mkutano ulikuwa asubuhi, kwenye ukumbi wa hoteli moja mtaani Remera, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe kama harusini. Upande wa ndiyo ulisema mtu mzima ana haki na mwili wake, na kwamba mabingwa wa nje wote wanatumia, sisi tu ndio tunaojifanya malaika. Upande wa hapana ulimtaja Mungu mara nyingi. Kocha alikuwa safu ya mbele, upande wa ndiyo, amevaa tai. Haji alikaa nyuma kabisa na kofia yake ya darizi.

Mwanasheria akamwita mdogo wangu. Alieleza vizuri, kuanzia kwa mwenye baa, mpaka kwenye kabati la mama, mpaka Ndera. Mama mmoja karibu nami alifuta macho. Mwanasheria akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Sasa unawaambia nini ndugu zako waliomo humu?"

"Nawaambia ziruhusiwe," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mimi zimeniharibu," aliendelea. "Huenda sitaitwa baba. Simshauri mtu. Lakini nilijidunga mafichoni, kitu nisichokijua, na nilipougua nikamficha hata daktari. Niliogopa polisi kuliko nilivyoogopa kufa. Kama zingekuwa na daktari na karatasi, angalau ningesema."

Upande wa ndiyo ukalipuka kwa makofi. Watu walisimama. Kocha naye alisimama akipiga makofi, na hilo ndilo lililomtoa mdogo wangu mahali pake. Alinyoosha kidole.

"Usinipigie makofi wewe. Wewe ndiye uliyeniuzia."

Makofi yalikatika. Kocha aliketi taratibu, akatabasamu kwa huruma, namna mtu anavyomtabasamia mgonjwa. Kutoka katikati ya ukumbi mtu akasema, si kwa sauti kubwa, "Huyu si ametoka Ndera?" Kicheko kikapita kwenye viti, pande zote mbili. Mwenyekiti aligonga meza.

"Tusitaje watu," alisema. "Tujadili hoja."

Wakajadili hoja, wakapiga kura, ndiyo ikapita. Mwanasheria alitupita mlangoni bila kuaga. Kisha akarudi, akamwambia mdogo wangu, "Umetuaibisha." Mimi hakunitazama.

Tulipofika nje nilimvuta mkono. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa nisije."

"Umewapa ushindi watu waliokuua."

"Dada, wote walitaka nife," alisema. "Hawa wa ndiyo wanataka nife kimya, wale wa hapana wanataka nife nikiwa mfano. Mimi nimesema kilichonipata, basi."

Mpaka leo sikubaliani naye, na mpaka leo sijapata pa kumshika.

Serikali ilikubali ombi, na utaratibu mpya wa chama ukafuata. Kila jumba la mazoezi lilitakiwa liwe na daktari wake wa kudumu na mshauri wa matumizi salama, la sivyo lifutwe uanachama na vijana wake wasishindane. Kutimiza hilo hakukuwapa shida wenye vioo ukuta mzima. Haji alikuja kwangu na barua mkononi, hajala tangu asubuhi.

"Mimi iko na giya za malori," alisema. "Daktari nitamtoa wapi? Na ya nini, hapa kwangu hakuna anayejidunga?"

Alifutwa. Vijana wa Kimisagara waliokuwa wakijiandaa kwa mashindano wakaambiwa wahamie kwenye jumba lenye daktari, ambalo hawana uwezo wa kuvuka hata mlango wake. Baadhi waliacha. Wengine, nasikia, wananunua vichupa mafichoni kama zamani, maana ruhusa haikuwafikia. Na mshauri mkuu wa matumizi salama, kwa chama kizima, aliyeteuliwa ni yule kocha.

Mdogo wangu aliomba kazi ya kufundisha mazoezi mahali pawili. Waliosimama kumpigia makofi walimwambia hawawezi kumwajiri mtu mwenye historia ya hospitali ile. Sasa anachomelea mageti kwa Haji. Vyuma vya mazoezi vimesukumwa ukutani, na sijamwona akivigusa.

Wiki iliyopita kocha aliingia mgahawani wakati wa chakula, kitambulisho kipya kikining'inia shingoni. Alinisalimia vizuri, akaulizia afya ya mama. Kisha akasema, "Mdogo wako mwambie aje anione. Sasa hatuna cha kuficha, nitamsaidia kwa njia sahihi."

Agatogo ya ndizi na nyama ilikuwa inachemka mbele yake, mvuke unampanda usoni.

"Chakula kimekwisha," nilimwambia.

Alitazama sufuria, akanitazama mimi. Akavuka barabara, akaketi kwenye meza za baa, na yule baunsa mpya akainuka kumpa mkono.