Somo Langu la Sigara na Salfa

Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu za kujaza mto wa kulalia. Ndiyo maana wenzangu wa kupulizia mikorosho, huku juu mlimani Makote, waliniita Mwalimu. Nami nikafundisha: ukipuliza salfa, ile dawa ya unga, weka sigara mdomoni. Moshi unatangulia kifuani. Vumbi likifika, linakuta chumba kina mpangaji! Kikosi kizima kikavuta. Mimi nilivuta mpaka kunguru wakahama shamba.

Asubuhi moja nikakojoa damu. Haikuuma. Nikasema ni salfa inatoka, afadhali.

Mara ya tatu mke wangu akanipandisha gari la Masasi. Daktari alikuwa binti, sawa na mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo, baba. Unavuta sigara?"

"Marahaba. Navuta kikazi tu."

Nikamweleza somo langu. Hakucheka. Akasema sumu ya sigara huchujwa na figo, ikatuama kibofuni ikingoja mkojo. Na mimi, kwa shida ya maji huku juu, nilikuwa nashinda na kikombe kimoja. Kuhusu dawa za mikorosho aliuliza mengi, akaandika, akasema nivae barakoa na glavu. Ila kwa sigara hakuwa na shaka.

"Inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa saratani. Jumatatu nenda na hii rufaa hospitali ya mkoa, wakaangalie kibofu kwa kamera. Hata damu ikikatika, usibaki nyumbani."

Ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, haungoji mgonjwa. Kesho yake alfajiri nilikuwa chini ya mikorosho, mashine mgongoni, kitambaa puani. Wenzangu wakawasha sigara.

"Zimeni, jamani. Nilikosea."

"Mwalimu!" akacheka jirani yangu. "Siku ya somo hilo umeme ulikatika darasani, nini?"

Wakacheka wote, sigara zikicheza midomoni. Kushoto moshi, kulia moshi, juu salfa, na katikati mimi niliyewafundisha. Nikanywa maji, chupa nzima. Mkojo ukanibana. Nami nikaubana, maana niliogopa kuuona.

Mwishowe nikaenda nyuma ya mkorosho. Ulikuwa mweupe kabisa, kama maji ya mvua!

Nusura nipige vigelegele. Kumbe nimepona bila dawa, Jumatatu nipulize ekari mbili... Hapo nikamsikia kichwani yule binti daktari: usibaki nyumbani.

Nikarudi, nikaivua mashine, nikamtwika jirani yangu.

"Jumatatu sipo," nikamwambia. "Na hiyo sigara, baba, izime, nakuomba."

Akaitoa mdomoni. Akaitazama. Hakuizima.