Bafta ya Mzee Asajile

Nichekeni, ila mnibakizie nijicheke mwenyewe. Mimi ni mpiga picha hapa Ikolo. Mwenye nyumba wangu, mzee Asajile, alikuwa ameugua wiki mbili. Alipopata nafuu akataka picha ya ukutani. Jua letu humchora mtu makunyanzi hata asiyokuwa nayo, nikaamua kuunda kitu cha kulainisha mwanga: fremu ya mianzi, juu yake kitambaa cha bafta nyeupe.

Nikanunua mita nne, nikatia mianzi begani, nikakatiza sokoni nimenuna kwa joto. Kila mama akaniambia, "Pole, baba." Nikajibu, "Ndaga," yaani asante, nikidhani wanauonea huruma mzigo. Mpaka leo najiuliza mdomo wangu ulikuwa na kazi gani nisieleze.

Mchana mzee aliketi uani chini ya bafta, suti imemkaa, uso umelainika. Nilikuwa nabonyeza kitufe kilio kilipoingia: akina mama na mikungu ya ndizi za msibani kichwani, mbele yao dada wa mzee anayeishi Busale.

Mzee akainuka. "Nani amekufa?"

Dada yake akaonyesha bafta kwa kidole. "Wewe. Mpangaji wako ameshakununulia sanda."