Jirani Aliyekionea Haya Kiudmurti

Siku ya kwanza nilimkosea. Tulikuwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, mtaa wa Bredäng huku Uswidi, akaniambia kwa Kiswidi kwamba ametoka Urusi. Nami kwa kimbelembele changu nikasema, "Ninyi Warusi ndio mliomsomesha baba yangu udaktari!" Akaacha kukunja shuka. "Mimi si Mrusi," akasema. "Mimi Mudmurti."

Sikuwahi kulisikia neno hilo. Akanieleza kwamba watu wake walikuwa na misitu yao na lugha yao kabla Warusi hawajawatawala. Shuleni mwalimu alimsimamisha kwenye kona kila alipoteleza akasema Kiudmurti. Alipohamia mjini, watu kwenye tramu wakamwambia, "Sema lugha ya watu!" Akakoma. Binti yake alimlea kwa Kirusi kitupu, na sasa mjukuu wa miaka sita anajua Kirusi na Kiswidi, basi. "Nikifa mimi, lugha kwetu ndiyo imekwisha," akasema. Nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi.

"Si umfundishe mtoto!" nikamwambia. Akasema mdomo unagoma; kila akijaribu mbele ya mjukuu anamsikia yule mwalimu. "Basi sema na mimi," nikamjibu. "Siambulii hata neno moja, utamwonea nani haya?"

Hivyo Jumamosi zikawa zetu. Yeye anakanda unga wa vile vikate vyao vya nyama na uyoga huku akisimulia, mimi namenya vitunguu na kuitikia kama tunavyoitikia sisi Waswahili: "Ehee... kumbe!... wee!" Kwetu msimulizi haachwi aseme peke yake kama redio. Mwanzoni alinong'ona. Baada ya wiki chache akawa anapiga meza ngumi, na siku moja alicheka hadi akakaa chini. Sijui mpaka leo alichekea nini, lakini nami mbavu ziliniuma.

Juzi mjukuu, ambaye huniita shangazi, aliingia jikoni bila hodi. Bibi akanyamaza katikati ya sentensi, uso ukamwiva. Niliogopa kwamba atakimbilia Kirusi na kazi yetu yote itakuwa bure. Nikaitikia kwa nguvu, "Ehee, halafu?" Akanitazama, akaendelea kwa Kiudmurti mpaka mwisho wa kisa.

Mtoto alisikiliza, macho yakienda kwa bibi yake na kurudi kwangu. Kisha akasema kwa Kiswidi, kwa adabu zote, "Bibi, Kiswahili chako kimekuwa kizuri. Shangazi ndiye aliyekufundisha?"

Niliangua kicheko. Bibi hakucheka. Alijipangusa unga mikononi, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Hiki si cha shangazi," akamwambia. "Hiki ni chako."

Mtoto akakunja uso. "Sasa mbona siku zote hizo hukunipa?"

Bibi akamvutia kiti, akamkatia donge la unga, akakianza kisa upya, polepole.